Bosi akisema "Aprili", wewe anza Novemba

Kwa wale mmeingia HR (kazi ya kuajiri na kusimamia wafanyakazi) majuzi hapa Nairobi, jueni kwanza kwamba bosi akisema "tutahitaji mtu Aprili" anamaanisha mtu ameketi kwa deski Aprili mosi anachapa kazi, hamaanishi tangazo ndio litoke Aprili. Kwa hivyo shika kalenda uhesabu ukirudi nyuma. Mtu mzuri mara nyingi tayari ana kazi mahali, na sheria ya ajira ya 2007 inasema anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, kontrakti nyingi zinaandika mwezi mzima na mameneja wengine wana miezi mitatu kabisa. Sasa ofa lazima iwe imesainiwa kabla Februari iishe, intavyu ziwe mapema mwezi huohuo, tangazo litoke katikati ya Januari, na bajeti iwe imepitishwa Desemba, na nani atakusainia karatasi Desemba? Kuanzia tarehe 15 hivi nusu ya mji iko ushago na mkubwa wa fedha hashiki simu. Ndio maana ya Aprili unayaongea Novemba, wakicheka wacha wacheke.

Ukienda kuomba pesa usiende na mshahara peke yake. Chukua mtu wa shilingi 60,000. Kampuni inaongeza NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 6 ambayo ni 3,600, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 900, na shilingi 50 za NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), hapo uko 64,550 na bado hujagusa bima ya matibabu, laptopu wala kiti (kiti husahaulika kila mara, sijui kwa nini). Ile ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75 inakatwa mfanyakazi, usiiweke upande wa kampuni. Mtu wa fedha akiona umeshapiga hizo hesabu hakusumbui sana.

Halafu kuna nafasi ambazo hakuna mtu atakuambia zinakuja. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu na mama mwenyewe anakujulisha mapema, sasa mbona mtu wa kumshikia atafutwe wiki ya mwisho? Kuna yule anakaribia kustaafu, kuna kontrakti ya mwaka inaisha Juni na hakuna ameuliza kama itaendelea. Na Januari, bana, mtu ameshapokea bonasi ya Desemba, karo zimemkalia, Njaanuari imemfinya, simu ya kampuni nyingine ikiingia anaichukua. Kila miezi mitatu keti na mameneja mmoja mmoja uwaulize tu, ukipoteza mtu mmoja kesho ni nani atakuuma zaidi? Kwa hilo jina wataongea kuliko kwa fomu yoyote utawatumia.

Wale walioshika namba mbili na tatu kwa intavyu usiwatupe. Wapigie uwaambie ukweli, uombe ruhusa ya kuweka CV zao, maana sheria ya kulinda data ya 2019 haitaki ukae na makaratasi ya watu bila sababu, na nafasi ikitokea tena unaanza na wao badala ya kusoma maombi mia nne upya.

Probesheni nayo, yaani muda wa majaribio, weka kwa kalenda siku ileile mtu anaripoti. Sheria inakupa miezi sita, ukitaka kuongeza ni mingine sita na lazima mfanyakazi mwenyewe akubali, na ndani ya huo muda mtu anaachishwa kwa notisi ya siku saba. Mimi naweka kikumbusho mwezi wa tatu na wa tano, kwa sababu meneja ukimngoja akumbuke mwenyewe atakuja mwezi wa saba akilalamika kuhusu mtu ambaye hakuna kitu kimewahi kuandikwa juu yake.

Kitu kingine, hizi stakabadhi za good conduct (ya polisi, kuonyesha huna rekodi ya uhalifu), KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), CRB (rekodi ya madeni) na EACC (tume ya kupambana na ufisadi) usiziitishe kwa tangazo. Sheria ilibadilishwa 2022, unaziomba tu kwa yule unakusudia kumpa kontrakti. Na kwa vile ndio kwanza ataanza kuzitafuta baada ya ofa, aingie eCitizen, aende Huduma Centre kupigwa alama za vidole, angoje, mwachie nafasi kwa ile kalenda yako na usimwambie aripoti Jumatatu inayofuata.