F11 si mhuri wa kumgonga kila mgonjwa

Mgonjwa wangu wa saratani anakunywa mofini ya maji kila saa nne. Akichelewa anatokwa jasho na kutetemeka. Niandike F11.2, yaani namba ya uraibu wa dawa za jamii ya mofini na heroini?

Usiandike. Mwili uliozoea mofini utaidai, na hilo peke yake si uraibu. ICD-10, kitabu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha namba za magonjwa, inataka dalili tatu au zaidi kati ya sita: hamu kali, kushindwa kujizuia, arosto (mwili kuumwa ukikosa dawa), kuhitaji dozi kubwa zaidi, kutelekeza mambo mengine, na kuendelea huku madhara yanaonekana. Anayefuata dozi ya daktari huwa na mbili tu, arosto na mazoea ya dozi, tena zimeletwa na tiba yenyewe. Andika saratani, maumivu, dozi na saa. Ukimwandikia F11.2, muuguzi wa zamu ya usiku atasoma faili na kusita kumpa dawa, naye atalala na maumivu kwa sababu ya kalamu yako.

Yuko kwenye methadoni, dawa mbadala ya heroini, mwaka wa pili, unga hagusi. F11.20 au F11.21?

Swali hili haliishi, na chanzo ni kilekile: jedwali la Kimarekani lililopakuliwa mtandaoni. Kwao F11.21 ni uraibu uliotulia. Kwenye kitabu cha WHO, namba hiyohiyo ni aliyeacha akiwa mahali pa ulinzi, kama wodini au gerezani. Mgonjwa wako ni F11.22, tiba mbadala inayosimamiwa. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011; kubahatisha hadi leo hakukubaliki. Na akianza rifampisini ya kifua kikuu, iandikwe siku hiyohiyo. Inashusha methadoni mwilini, arosto inarudi, halafu mnamtuhumu karudia unga.

Kaletwa hana fahamu baada ya kujidunga heroini. F11.0, namba ya kulewa?

T40.1, sumu ya heroini. Ongeza X42 kama ni bahati mbaya, X62 kama alikusudia, Y12 kama haijulikani. Anayesema ni ipi ni daktari aliyemwona. Mtunza kumbukumbu asikisie. Nanyi madaktari, "amezidisha dozi" haitoshi. Mboni zilikuwaje? Alipumua mara ngapi kwa dakika? Naloksoni, dawa ya kumzindua, kiasi gani, saa ngapi? Naloksoni huisha mapema, na mgonjwa aliyeamka anaweza kuzama tena.

Tunaweza kuandika "teja" ili kufupisha?

Hapana. Andika "anajidunga heroini", na daktari atakayefuata atajua kupima VVU na homa ya ini C.