Kabla hujagusa ph1b, soma hapa

Wadogo zangu wa maabara, nimewaona wiki hii mkirudia yaleyale, uvumilivu umenishinda. Kwamba ngano ina kromosomu 42, kwamba Ph1, jeni inayozuia kromosomu zisizo pacha zisishikane na kubadilishana vipande, imekaa mkono mrefu wa kromosomu 5B, na kwamba ph1b ni ngano iliyopoteza Ph1, mnajua, siwarudishi darasani.

1. Jua la Dodoma halina mchezo. Hasini masuke alfajiri, yaani toeni viungo vya kiume vya maua, myafunike papo hapo. Chavua ya ngano haikusubiri umalize chai.

2. Lebo ni penseli. Wino unafutika.

3. Hapa tukae kidogo. Nilichukua ngano iliyoongezewa kromosomu ya nyasi pori yenye kinga ya kutu, ule ugonjwa wa ukungu wa ngano, nikaichanganya na ph1b. F1, yaani kizazi cha kwanza cha mchanganyiko, ilipotoka nilifurahi kama mtu aliyepewa kiwanja Iyumbu bure. Nikaacha ijichavushe, watoto wake nikawapulizia kutu, na waliosimama bila kuugua walikuwa wengi. Nikamwandikia msimamizi kwa mbwembwe kwamba kipande cha nyasi kimehamia kwenye ngano. Akajibu kwa swali moja: "Na Ph1 ya mama imekwenda wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. F1 ina nakala moja ya ph1b na moja ya Ph1 nzima, na hiyo moja inatosha kuizuia kromosomu ya nyasi isishikane na ya ngano. Kinga niliyoishangilia ilikuwa kromosomu ya nyasi nzima nzima, haijabadilishana kitu na mtu. Ilipaswa F1 irudishwe kwa ph1b, watoto wapimwe kwa maka (alama za DNA), achaguliwe asiye na Ph1 kabisa lakini bado kabeba kromosomu ya nyasi. Vipande vinatafutwa kwa uzao wa huyo. Msimu ukaenda bure. Juzi mmoja wenu ananiambia, "Kaka, maka ni ghali." Na msimu je, unauzwa wapi?

4. Msiizalishe ph1b kizazi hadi kizazi. Kromosomu za A, B na D, seti tatu za ngano yenyewe, nazo hubadilishana vipande zenyewe kwa zenyewe, mwisho mnavuna masuke mapepe. Rudini kwenye mbegu ya akiba. Mkipata kipande, kirudisheni haraka kwa ngano yenye Ph1.

5. Kipande kirefu huja na mizigo. Lr19, jeni ya kinga kutoka nyasi ya Thinopyrum, ilileta kinga ya kutu pamoja na unga wa njano. Haya, kapikeni maandazi ya njano mkauze Majengo. Tafuteni kipande kifupi zaidi, na GISH, kipimo cha kupaka rangi kromosomu za kigeni, isipokiona msikitupe, pimeni kwa maka kwanza.