Maswali na majibu: Bima inamlipaje daktari wako?

Nikitibiwa hospitali ya Bombo, Tanga, kwa kadi ya NHIF, daktari anapata shilingi ngapi? (Mama wa Ngamiani)

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) haumlipi yeye, dada yangu, unailipa hospitali. Daktari wa serikali ana mshahara wake. Hospitali hupeleka madai, nayo hupitiwa kipengele kwa kipengele: kumwona daktari kuna bei yake, kipimo bei yake, dawa bei yake. Kisichoelezeka hukatwa. Daktari akiandika fomu kwa pupa, hospitali ndiyo inayokosa hela ya dawa na vitendanishi (kemikali za kupimia).

Mbona zahanati hailipwi sawa na Bombo? (Msomaji, Makorora)

Bei hufuata ngazi ya kituo na ujuzi wa anayekuona. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ina mabingwa.

Bei hizo anapanga nani? (Mwalimu, Pongwe)

Mfuko wenyewe, chini ya Wizara ya Afya, kupitia kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei zake. Kitita kipya kilianza Machi 1, 2024, na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuhudumia wanachama zikisema bei hazifidii gharama. Mwalimu, wewe unachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Mfuko unategemea mishahara, ilhali dawa zinafuata soko. Mvutano huo hauishi kwa kupanga bei mara moja. Kinachoniuma ni mgonjwa kurudishwa getini na kadi yake hai mkononi. Mabishano ya bei yamalizwe mezani kabla kitita hakijaanza kutumika.

Mwanangu yuko Marekani, anasema kule madaktari hulipwa kwa pointi. Kweli? (Mzee wa Chumbageni)

Shikamoo mzee wangu. Kweli, kwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee. Tangu 1992 kila huduma hupewa pointi kwa kazi ya daktari, gharama za kuendesha kliniki na bima ya kesi za uzembe. Pointi hurekebishwa kulingana na gharama za eneo, kisha huzidishwa kwa bei ya pointi moja kwa dola. Pointi moja ilikuwa dola 31.00 mwaka 1992; mwaka 2025 ilikuwa dola 32.35. Madaktari wao nao wanalia.

Niliambiwa nisaini fomu kabla sijapimwa. Ni sawa? (Muuza samaki, Deep Sea)

Si sawa kabisa, kaka. Sahihi yako inathibitisha kwamba huduma zilizoandikwa umezipata. Maliza kwanza vipimo na dawa, soma kilichoandikwa, uliza usichokielewa, ndipo usaini. Ukikuta kipimo ambacho hukufanyiwa, kataa, ukatoe taarifa ofisi ya Mfuko mkoani.