Pimeni Selimundu Wote Wawili, Kabla ya Mahari

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia. Posa imeshapelekwa kwao, amepima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kukutwa ni AS, yaani amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Mchumba wake anasema hana haja ya kupima kwa sababu kwao hakuna mgonjwa. Dada anauliza: nikimsisitiza, si nitaonekana nina kiburi?

Msisitize, mdogo wangu.

Mwanangu wa kwanza alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajafikisha mwaka. Macho ya njano, kilio usiku kucha. Mama mkwe akasema kwao ugonjwa huo haujawahi kuonekana, kwa hiyo nimekuja nao mimi. Mawifi wakaacha kula nilichopika. Shangazi mmoja akamshauri mume wangu atafute mke mwenye damu safi, na aliyasema hayo nje ya dirisha nikiwa ndani nanyonyesha.

Majibu ya maabara ndiyo yaliyoninyanyua. Mtoto SS, yaani anao ugonjwa wenyewe; mimi AS, baba yake AS. Daktari akamweleza mume wangu kwamba mtoto hawi SS mpaka apokee kinasaba kimoja kwa mama na kingine kwa baba. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, ndiyo maana ukoo unaweza kukibeba kinasaba hicho vizazi na vizazi pasipo mtu kulazwa. Na kwetu kimejaa, hasa Pwani na Kanda ya Ziwa, kwa kuwa AS humkinga mtoto na malaria kali. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki.

Mume wangu aliwasomea ndugu zake majibu yale. Walinyamaza. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi, hadi leo.

Mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto SS. Kila mimba! Nasikia wanawake wakifarijiana kwamba wa kwanza akiumwa anayefuata atakuwa mzima. Si kweli.

Kwa hiyo pimeni, na muulize ni kipimo gani. Kile cha zamani, cha kuangalia tu kama chembe za damu zinajikunja, hakitofautishi AS na SS. Mnataka kinachotenganisha aina za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Wasichana, msiende maabara peke yenu kama watuhumiwa. Wanaume, acheni kujificha nyuma ya "kwetu hakuna". Nanyi mnaofundisha wachumba kanisani na msikitini, mnawahimiza wapime VVU; wahimizeni na hiki.

Simwambii mtu avunje uchumba. Wapo watakaooana wakijua, mtoto apimwe kwa tone la damu ya kisigino mara akizaliwa, aanzishiwe penisilini mapema, na haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, daktari akiona inafaa. Mwanangu anaitumia na yuko kidato cha pili, wa tatu darasani. Wapo watakaoachana, ni haki yao pia.

Ila wewe mdogo wangu, mpangie siku mwende wote, na mahari isipokelewe mpaka majibu yatoke.