Hemogramu haihesabu seli shina

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 64, kilo 60, na mailoma, saratani ya uboho. Ametumia dawa yake ya lenalidomaidi raundi sita. Sasa yuko India na kaka yangu, anadungwa filgrastimu ili avunwe seli shina zake mwenyewe, zile zinazozaa chembe za damu, arudishiwe baadaye. Siku ya nne hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, imesoma chembe nyeupe 35,000. Je, zimetosha? Jirani anataka tumtumie unga wa kuongeza seli shina. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada, hiyo 35,000 iweke kando. Filgrastimu husukuma chembe nyeupe zitoke kwenye uboho, kwa hiyo karibu kila anayedungwa hupanda hivyo, awe na seli shina tele au za kuhesabu kwa vidole. Kinachotabiri mavuno ni CD34, alama iliyo juu ya seli shina, na mashine ya hemogramu haiioni kabisa. Huhesabiwa kwa mashine ya leza, kwa damu ya asubuhi ya siku ya 4 au ya 5. Ikifika 20 kwa maikrolita, kwa kawaida mavuno huenda vizuri. Kati ya 10 na 20 ni mpakani. Chini ya 10, kumlaza mama saa kadhaa kwenye mashine ya kuvuna ni kumchosha bure. Tazama uwiano wenyewe: katika chembe nyeupe 35,000, hizo 20 hazifiki hata moja kwa elfu. Familia husherehekea zile elfu thelathini na tano, kisha mfuko wa mavuno unatoka mtupu.

Kwa kilo 60, kiwango cha chini cha kuvuna ni seli za CD34 milioni 2 kwa kilo, yaani milioni 120. Wengi hulenga milioni 4 kwa kilo au zaidi. Umri wa mama na lenalidomaidi iliyozidi raundi nne vyote huvuta mavuno chini. Chembe sahani zilizokuwa chache kabla ya sindano ni ishara mbaya pia. Kwa hiyo kaka aulize leo: CD34 ni ngapi, na ikiwa chini, pleriksafo ipo? Dawa hiyo hulegeza seli shina ziachane na uboho. Hudungwa takriban masaa 11 kabla ya kuvuna, na figo zikiwa dhaifu kipimo hupunguzwa.

Unga msiutume. Uwe wa mlonge, wa bitiruti au wa pakiti yenye picha ya seli, hakuna uliothibitishwa kupandisha CD34, na wanaouuza huonyesha hemogramu ileile iliyopandishwa na sindano za hospitali kama ushahidi wao! Wagonjwa huahirisha mavuno wakisubiri unga ufanye kazi, huku wakiongeza raundi za lenalidomaidi, na kila raundi inapunguza kilichobaki.

Njia ya mkato nyingine ni ya duka la dawa. Filgrastimu huumiza mifupa ya kiuno na mgongo, na mtu hukimbilia dawa ya maumivu ya diklofenaki. Mwenye mailoma asiiguse, huharibu figo. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Maumivu yakihamia chini ya mbavu za kushoto, huenda ni bandama: daktari aitwe hapohapo, hata usiku.