Jibu: Rangi mpya ya Tiger I inajikunja na kubanduka

Salaam ndugu. Umesema Tiger I yako, kifaru cha Kijerumani cha Vita vya Pili vya Dunia cha plastiki cha kipimo cha 1/35, ilipakwa zamani kwa brashi, na ulipopulizia rangi ya manjano juu yake ikajikunja. Hujataja aina ya rangi ya zamani, kwa hiyo anza hapo: sugua sehemu ya chini kwa pamba yenye isopropili (aina ya alkoholi) ya asilimia 90 au zaidi. Pamba ikichafuka rangi, ni akriliki (rangi inayoyeyushwa na alkoholi). Isipochafuka, huenda ni enameli (rangi ya mafuta), na tina (kiyeyusho) kali ya rangi mpya ndiyo iliyoilainisha.

Kama ni akriliki, vua kwanza minyororo ya vinili, kisha loweka bodi kwenye isopropili saa chache, mbali na moto, ndipo usugue kwa mswaki laini. Osha kwa sabuni ya vyombo. Usiharakishe kukausha, wala usiishike kwa vidole vitupu: mafuta ya vidole pekee yanatosha kubandua rangi.

Kabla ya praima (rangi ya msingi), ondoa mstari wa muungano kwenye mzinga kwa msasa namba 400, halafu 800. Na tafadhali amua kifaru chako ni cha mwaka gani: rangi ya manjano ya jeshi la Ujerumani ilianza Februari 1943, plasta ya Zimmerit (ya kuzuia mabomu ya sumaku) ikaanza kupakwa viwandani Agosti mwaka huohuo. Tiger ya manjano ya vita vya Kursk, Urusi, Julai 1943, haina Zimmerit.

XF-60 (rangi ya manjano iliyokoza) ya Tamiya changanya nusu kwa nusu na X-20A, tina yake, pulizia tabaka nyembamba. Ukija kuweka uchafu wa enameli (rangi nyepesi ya kuiga uchafu), usiumwage kwenye maungio, plastiki hupasuka.