Ukialikwa kwenye kipindi cha mabishano, jihadhari na simu ya kwanza

Simu hupigwa siku mbili tatu kabla ya kipindi. Anayepiga ana sauti ya upole, anakuita mama au mwalimu, anakuulizia hali ya nyumbani. Kwa miaka minne mpigaji huyo nilikuwa mimi, kwenye kipindi cha mabishano cha kituo kidogo cha televisheni. Siku hizi watu walioalikwa kwenye vipindi vya aina ile huniuliza wavae nini. Mimi huwauliza: umeshapigiwa simu? Ulisema nini?

Kazi yangu ilikuwa kukuacha uongee. Ukishazoea, utatoa sentensi yenye makali, au utamtaja mtu, au utafunguka jambo la ndani. Nitaliandika kwenye kadi, na kadi itafika mezani kwa mtangazaji. Watazamaji husifu wepesi wake wa kujibu, kumbe anasoma maneno yako mwenyewe.

Kuna mama mmoja, kiongozi wa wapangaji, aliyenidokezea katikati ya mazungumzo marefu kwamba huu ni mwaka wa tatu hasemezani na mwanawe. Alikuwa anatua mzigo tu, kama mtu anavyoutua kwa mtu mwema. Nikaandika. Siku ya kipindi hoja zake zilianza kumwelemea mtangazaji, ndipo kadi ikatoka: "Mama, utatupatanishaje sisi, na wewe na mwanao hampatani?" Ukumbi ukazomea. Yeye alishika klipu ya kipaza sauti kolani, akawa anaipapasa kama anatafuta kifungo, na kwa muda kilichosikika hewani kilikuwa mkwaruzo wa vidole vyake. Kipindi kilipoisha aliniuliza taratibu, "Ni wewe uliyenipigia, mwanangu?" Nilishindwa hata kumwamkia. Aibu ile ninayo mpaka leo, na ndiyo inayonifanya niandike haya.

Kwa hiyo kwenye simu sema lile tu ambalo uko radhi kulisikia likisomwa kwa sauti mbele ya jamaa zako. Ukishateleza, mpigie tena, umwambie wazi kwamba lile halimo na kwamba likiguswa hutakuja. Wengi hawajui kwamba kabla ya kipindi nguvu iko kwao: kiti kitupu kinamtisha mtayarishaji kuliko mgeni mkali.

Kisha uliza nani mwingine anakuja. Ukijibiwa "bado tunathibitisha" wakati kipindi ni kesho, mara nyingi huyo mtu ameshathibitishwa zamani. Sisi tulikuwa tunawaweka wageni vyumba tofauti na kuwapishanisha kwenye korido, ili hasira isiishie nje ya kamera. Viti navyo tuliviweka karibu mno, magoti yakikaribia kugusana. Omba kiti kisogezwe kabla taa hazijawaka; ni ombi la kawaida, na fundi atalifanya bila kinyongo.

Hadhira hufika mapema. Kuna mtu wa kuwachangamsha na kuwafundisha lini wapige makofi, na wenye sauti kubwa hukalishwa mbele. Ukizomewa, usidhani nchi nzima imekukataa.

Ukikatizwa, shusha sauti. Mkipayuka wawili kwa pamoja mtazamaji hasikii yeyote, na fundi sauti ataamua nani wa kumpunguza. Mtangazaji huwa hapunguzwi. Tuliza uso pia, hata wakati husemi. Mwongozaji anatafuta sura ya anayesikiliza, akiona umekunja midomo anaagiza kamera ikufuate.

Na usinyanyuke. Huko California, kituo cha KDOC kilikuwa na kipindi cha Wally George kilichoitwa Hot Seat. Mwaka 1983 mgeni wake, mpigania amani Blase Bonpane, alipandwa na hasira akaipindua meza ya mtangazaji. Picha zile zilisambaa na kipindi kikapata jina. Aliyefaidika ni mwenye meza. Mwaka 1988, katika kipindi cha Morton Downey Jr., kilichoanzia kituo cha WWOR cha New Jersey, mgeni mmoja, mwanaharakati Roy Innis, alimsukuma mwenzake, mchungaji na mwanaharakati Al Sharpton, akaanguka jukwaani. Watu wanaoitazama video ile leo wanaukumbuka msukumo, na hoja waliyokuwa wakibishania wachache wanaweza kuitaja. Ungekuwa wewe, safari yako yote ingebaki kuwa sekunde zile.

Wakati wa matangazo ya biashara kipaza sauti chako kwa kawaida bado kinasikika kwenye chumba cha mitambo. Mtangazaji atakuinamia, atatabasamu, atakuambia unafanya vizuri. Mjibu kwa adabu, kunywa maji. Usimweleze jambo jipya, kwa sababu kadi za nusu ya pili bado hazijajaa. Na kipindi kikiisha, ngoja fundi akuvue klipu kwanza, ndipo umpigie mwenzako simu kumwambia yaliyokuuma.